Pensacola: Ndege Iliyolala Ziwani

Kutoka Houston hadi Pensacola ni barabara moja tu, I-10. Unakata vinamasi vya Louisiana, unagusa Mississippi, pale Mobile unapita handakini chini ya mto, kisha daraja refu juu ya ghuba. Tulitoka alfajiri. Shemeji alitaka ufukwe. Mimi nilitaka ndege.

Makumbusho ya urubani wa jeshi la majini la Marekani yamo ndani ya kambi ya jeshi. Langoni unaonyesha kitambulisho, kiingilio ni bure. Ukumbini wamening'iniza ndege nne za kivita za buluu aina ya Skyhawk, mbawa karibu zigusane. Ni za Blue Angels, kikosi cha maonyesho alichorukia Kapteni Bob Rasmussen miaka ya 1950. Alipostaafu jeshini aliyaongoza makumbusho haya tangu 1987 hadi 2014. Tena hakuwa bosi wa kukaa ofisini tu: alichora, alifinyanga, na ile sanamu ya marubani watano wa vita mbalimbali ni kazi yake.

Lakini iliyonishika ni Dauntless moja, ndege ya kuangusha mabomu, namba 2106. Ilikuwepo Pearl Harbor, Hawaii, siku ya shambulio la Wajapani, ikapigana nao Midway Juni 1942, ikarudi na matundu zaidi ya 200, ikatua kwa gurudumu moja. Baadaye ikapelekwa kufundishia huko Ziwa Michigan, ambako jeshi lilikuwa limegeuza meli mbili za abiria, zinazoendeshwa kwa magurudumu ya makasia ya pembeni, kuwa viwanja vya kutua ndege. Mwaka 1943 mwanafunzi akaiangusha majini. Yeye akapona, ndege ikazama hadi ilipoopolewa 1994.

Maji yale ni baridi na hayana chumvi, ndiyo maana bati halikuliwa. Baharini ingekuwa historia nyingine. Viraka vya risasi bado vinaonekana, na kwangu huo ndio uhifadhi. Ndege iliyopakwa rangi ikang'aa kama sufuria mpya hainiambii kitu.

Shemeji, aliyekuwa akitazama saa tangu tuingie, ndiye aliyemganda mzee mmoja wa kujitolea kwa maswali. Mzee akamwambia zaidi ya ndege mia zilizama kule Michigan, na zilizobaki chini bado ni mali ya jeshi la majini, huruhusiwi kujiopolea.

"Kwa hiyo biashara hakuna," akasema shemeji, akaulizia funguo za gari.