Jeneza tumelichangia, kiharusi hatukukiwaza

Wiki iliyopita nilisimama na wifi yangu mbele ya meza ya benki hapa Leicester, Uingereza, kwa dakika arobaini. Alikuja na cheti cha ndoa cha Tanga, kimetafsiriwa na kugongwa muhuri, pasipoti yake, pasipoti ya kaka na barua ya hospitali. Binti wa benki alivisoma vyote kwa adabu, akavirudisha kwa adabu vilevile. Akaunti ni ya kaka peke yake, na kaka yu hai, kwa hiyo hakuna mwingine wa kuigusa.

"Lakini mimi ni mkewe," wifi akasema. Ndoa ya miaka ishirini na sita, watoto watatu. Binti akajibu kwamba anaelewa, kisha akauliza kama tuna LPA, yaani hati ya kumruhusu mwingine akusimamie mambo yako.

Hatuna.

Kaka kiharusi kilimpata alfajiri, anatawadha. Kimeshika upande wa kulia na ulimi. Anatujua wote, machozi yanamtoka akiona watoto, ila maneno hayaji. Siku ya tisa wodini wifi aliinama akamtegea sikio, akamuuliza namba ya siri ya kadi ili alipe rejesho la mkopo wa nyumba. Kaka akasema, "Nne." Akapumzika. "Nne." Kisha nne, nne, nne, mpaka akageuza uso ukutani. Nilitoka nikaenda kusimama kwenye ngazi, maana sikutaka aone ninavyolia.

Nyumbani mnajua ingekuwaje. Baba mkubwa angeita kikao baada ya Isha, angeteuliwa mtu, na asubuhi duka lingekuwa wazi. Yangekuwepo manung'uniko, na huenda hela nyingine ingepotelea njiani, lakini mgonjwa angekuwa na msemaji. Hapa ukoo hauna kiti. Sheria ya mwaka 2005 inayohusu watu waliopoteza uwezo wa kuamua haimpi mke mamlaka kwa kuwa ni mke, wala mtoto kwa kuwa ni mtoto. Madaktari watakusikiliza, wanatakiwa wakuulize mgonjwa wako alikuwa mtu wa namna gani, lakini neno la mwisho kuhusu matibabu si lako. Fedha ndiyo usiseme. Hata akaunti ya watu wawili benki inaweza kuibana ikisikia mmoja wao hajiwezi kiakili.

Hiyo LPA ni hati ya uwakala. Unaiandika ukiwa mzima na akili zako, unamtaja atakayekusimamia siku ukishindwa. Ziko mbili, moja ya mali na fedha, nyingine ya afya na ustawi, na kila moja inalipiwa peke yake. Ada ya kuisajili serikalini haifiki pauni mia, na mwenye kipato kidogo anaweza kulipa nusu. Wakili si lazima. Anatakiwa mtu asiye ndugu yako, anayekufahamu vizuri kwa miaka isiyopungua miwili, au mtaalamu kama daktari, athibitishe kwamba unaelewa unachosaini na hukushurutishwa. Kisha unasubiri wiki kadhaa irudi na muhuri.

Sisi tumechelewa. Daktari ameandika kwamba kwa sasa kaka hawezi kuamua mambo ya fedha, kwa hiyo hawezi kusaini, na wifi analazimika kwenda mahakamani kuomba awe msimamizi wa mumewe. Hiyo ni miezi, ada ya maombi, dhamana ya kulipia, na kila mwaka ripoti ya matumizi: umenunua nini, umelipa nini. Mwanamke aliyemfulia mtu huyu kanzu tangu Chumbageni, kule Tanga! Na wakati anasubiri, rejesho la nyumba halisubiri. Mwezi huu tumelilipa mimi na mdogo wetu wa Reading.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi si watu wa kutojipanga. Tuna chama cha kuzikana. Kila mwezi tunachanga bila kukosa, na mwenzetu akifariki leo, keshokutwa tiketi ya mwili imeshashughulikiwa na ndugu wa kuusindikiza amepatikana. Kaka mwenyewe amekuwa mweka hazina miaka minane. Kama angekufa siku ile, Mungu apishe mbali, kila kitu kingekwenda kama saa. Kuishi bila sauti ndiko hatukukuwekea hata senti, wala hatukukitaja kwenye mkutano hata mmoja, kwa sababu kwetu kulitaja jambo ni kuliita.

Kazini kwangu, nyumba ya wazee, yuko bibi mmoja Mhindi aliyefukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, akaja hapa Leicester na maelfu ya wenzake. Kiingereza alikizungumza miaka hamsini. Ugonjwa wa kusahau umekifuta chote. Kimebaki Kigujarati, na Kiswahili cha jikoni cha utotoni. Siku ya kwanza aliponishika mkono akasema, "Wewe, lete chai, sukari kidogo," nilishtuka hadi nikakaa kitako. Binti yake ana hati zote mbili. Kwenye faili la bibi imeandikwa hali nyama wala mayai, asivuliwe bangili, na asiogeshwe na mwanaume. Hajui jina lake siku nyingine, lakini anaishi kama alivyotaka kuishi. Nilimpitia bibi huyu miaka miwili nikimpa chai yake, na sikufikiri hata mara moja kumuuliza kaka yangu karatasi yake iko wapi.

Ninyi mnaojiandaa kuja, na ninyi mliokuja juzi kwa viza za kazi, msisubiri mvi. Miaka kumi na minane inatosha kuandika. Na wosia andikeni, mashahidi wawili wakiwa mbele yako kwa pamoja, na shahidi asiwe mrithi wala mume au mke wa mrithi, la sivyo fungu lake linapotea. Waislamu wenzangu, usipoandika wosia hapa, mali yako ya hapa kwa kawaida itagawanywa kwa sheria ya Uingereza, si kwa mafungu unayoyajua. Na ile ndoa ya sebuleni inayofungwa hapa, shehe na mashahidi bila kusajiliwa serikalini, mbele ya sheria hii haikufanyi mke. Nimeona mjane ametoka mikono mitupu. Viwanja vya nyumbani ni habari nyingine. Kaka alishachukua uraia wa hapa, kwa hiyo kiwanja cha Pongwe kiko kwa jina la mdogo wetu, na makubaliano yao yako kichwani mwa mtu ambaye sasa anasema nne. Mambo ya nyumbani yaandikeni nyumbani. RITA, wakala wa serikali ya Tanzania wa usajili, ufilisi na udhamini, wanatunza wosia.

Jumamosi mimi na mume wangu tulifuta meza baada ya chakula tukazitandaza fomu. Jirani yetu Mwingereza, mwalimu mstaafu, alikubali kuwa shahidi wa kuthibitisha. Alimwomba mume wangu atupishe, akanihoji peke yangu, taratibu, kama najua ninachotoa na kama kuna anayenilazimisha. Hakutaka hata nauli ya basi.

Kwenye hati ya afya pana sehemu ya kuandika unayoyapenda. Mume wangu aliishika kalamu muda mrefu. Akaandika kwa herufi kubwa: asilishwe nguruwe, redio iwe ya Kiswahili, na kama hamtambui tena mkewe, mkewe aambiwe aendelee kumsalimia.

Yangu bado sijaijaza. Nimeandika chai tu, yenye iliki.