Mabano mawili yamenikesha

Jana nimekesha na Prolog, lugha ya kuandikia programu, kwa sababu ya mabano mawili tu. Nilikuwa nimeandika hivi:

kagua(X) :- kipimo(X, N), N > 10 -> write(kubwa) ; write(ndogo).

Nikaipa jina ambalo halimo kabisa kwenye data, ikanijibu "ndogo" bila haya. Ndogo ipi, na kipimo chenyewe hakipo? Kumbe mkato (,) unaosema "na" unashika kwa nguvu kuliko mshale wa "ikiwa... basi", kwa hiyo kipimo(X, N) kilikuwa kimemezwa ndani ya sharti. Kikishindwa, inarukia tawi la pili, lile la baada ya nukta-mkato (;). Nikatenganisha:

kagua(X) :- kipimo(X, N), ( N > 10 -> write(kubwa) ; write(ndogo) ).

Ikatulia. Basi nikajiona mjanja, nikafuta "ndogo" nibaki na mshale peke yake. Ikaja 5, sharti likashindwa, na kanuni nzima ikaanguka nalo! (Mimi nimezoea lugha ambazo sharti lisipotimia programu inapita kimya.) Ikabidi niweke "; true" mwishoni.

Halafu sharti likiwa na majibu matatu, mshale unachukua la kwanza na kutupa mengine. SWI-Prolog, toleo mojawapo la Prolog, ina *-> kwa ajili ya kuyabakiza yote, ila leo sina nguvu nayo.