Korosho Sita

Jana jioni Mama Zuhura alikuwa anatia mafuta cherehani yake barazani. Harufu ikanifikia nikiwa na kikombe cha chai, nikakiweka chini. Hakuuliza kitu. Anajua mafuta yale yananipeleka wapi: kwenye bastola niliyowahi kuibeba.

Mwaka 2005, kabla stakabadhi ghalani, ule mfumo wa korosho kupelekwa ghalani na kuuzwa kutoka huko, haujafika kwetu, sisi wanunuzi wa korosho tulikuwa tunatembea na fedha taslimu. Unatoka Mtwara mjini na mfuko wa rambo, unapita Nanyamba, unaingia Tandahimba, na kila kijiwe wanajua umebeba nini. Mwenzetu mmoja alivamiwa. Mjomba akasema basi, utafute silaha. Kwetu mjomba akisema, mambo mengine ni utaratibu tu: barua ya mtaa, polisi, vikao, kusubiri. Miezi ikapita. Kibali kilipotoka tulipanda basi wawili, tukala vumbi la Somanga hadi Ndundu, tukavuka Daraja la Mkapa, tukalala Mbagala.

Kwenye duka la silaha, mwenye duka alitandika kitambaa cha kijani juu ya meza. Akatoa bastola tatu, moja moja, kila moja akiichomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, na kutuonyesha chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwamba haina kitu. Mbili za kwanza ningeapa ni mapacha.

"Hii Glock 17, risasi 17. Hii Glock 19, risasi 15."

Mjomba akamtazama. "Kumi na tisa inabebaje chache kuliko kumi na saba?"

"Mzee, hiyo ni namba ya jina tu. Hii 19 ni fupi. Mtutu umepungua sentimita moja na kidogo, mpini nao umepungua. Uzito, kama gramu 30."

"Gramu thelathini." Mjomba alifumba macho kidogo. Kilo ya korosho ghafi ni punje mia mbili hivi, hesabu hiyo aliifanya maisha yake yote. "Korosho sita. Umetutoa Mtwara kuja kuchagua korosho sita."

Ya tatu ilikuwa CZ 75, chuma kitupu, kama kilo nzima. Hiyo ilikuwa na kitufe cha usalama ubavuni. Zile Glock hazina. Usalama wake wa nje uko kwenye triga yenyewe, kiulimi kidogo unachokibonyeza kwa kidole kilekile cha kufyatulia.

Kidole kilekile. Mnakijua kidole changu cha shahada, kile nilichokiunguza utotoni kwa utomvu wa ganda la korosho nikiwa nabangua na bibi. Ncha yake ina ngozi ngumu iliyokufa ganzi. Niliishika 19, ikanikaa mkononi kama imepimwa kwangu, nikaielekeza ukutani kama nilivyoelekezwa. Nikawa nasubiri kukigusa kile kiulimi. Nasubiri. Ghafla nikasikia *tak*. Kidole kilikuwa kimeshafika, kimeshabonyeza, kimeshamaliza kazi, wala hakikunipa taarifa.

Mwenye duka alidhani nimejaribu makusudi. "Laini, eeh?"

Nikairudisha kwenye kitambaa. Jasho lilinishuka mgongoni na feni inazunguka. Nikasema nataka kuona ile yenye kitufe. Nikajaribu kuikoki, yaani kuvuta sehemu ya juu nyuma ili iwe tayari kufyatua. Sehemu ya juu ya CZ imezama ndani ya fremu, pa kushika ni padogo, na vidole vyangu vikateleza. Mara ya pili vikateleza tena. Mjomba akaichukua, akaikoki mara moja tu, mzee wa miaka sabini aliyezoea gobore la kufukuzia nguruwe pori shambani. Akacheka. Mwenye duka naye akacheka, kwa adabu.

"Nipe hiyo kumi na tisa," nikasema.

Njiani Mjomba akaniuliza kwa nini ile. Nikamwambia inafichika chini ya shati. Jibu zuri, na ni kweli inafichika. La kidole sikumwambia, na amekufa bila kulijua.

Niliibeba misimu miwili chemba ikiwa tupu. Maana yake ni kwamba siku ya kuvamiwa ningetakiwa niwaombe majambazi wanisubiri nikoki. Sikuvamiwa. Labda iliwatisha, labda hawakuwa na habari nami. Mwaka 2007 stakabadhi ghalani ikaanza kwetu, korosho zikawa zinapelekwa ghalani, na mimi na mfuko wangu wa rambo tukawa hatuna kazi. Nikaisalimisha polisi. Askari aliyeipokea aliigeuza mkononi, akauliza kama ni 17 au 19.

Ala yake ya ngozi walinirudishia. Sasa inaning'inia kwenye mguu wa cherehani, Mama Zuhura anawekea mkasi. Anasema ni fupi kidogo, ncha inatokeza chini, ingekuwa ya ile kubwa ingemfaa zaidi.