Pagi wa Rotterdam na joto la Mikindani

Wadau habari za huko mliko, mimi nipo nyumbani Mikindani wiki ya pili sasa, nimekaa barazani kwa mama shati nimevua, joto hili la Desemba mliokulia Mtwara na Lindi mnalijua, unatoka kuoga unajifuta hujui kama ni maji au jasho.

Sasa ishu ni mbwa. Binti yangu huko Rotterdam anataka pagi, wale mbwa wadogo wa uso bapa macho yamewatoka, na mwaka mzima nampiga kalenda. Mwanzo kimoyomoyo nilishakubali, manake tunakaa ghorofa ya nne hatuna uwanja, na pagi si mbwa wa mbio, yeye umpakate tu na matembezi mafupi basi, habweki hovyo, watoto anawapenda. Nikasema huyu ndo wa flati.

Ila Julai jirani kasafiri katuachia wa kwake siku 10. Jamani! Usiku wa kwanza nilivyosikia ule mkoromo nikajua kuna mtu mzima kalala sebuleni. Ile mikunjo ya usoni unaifuta kila siku na kuikausha, ukizembea inanuka na kuota vidonda, kamba humfungi shingoni unamvisha mikanda ya kifuani, na upweke hauwezi kabisa, mimi na wife wote tunapiga shifti kwahiyo tukirudi tunamkuta kalala mlangoni kama kafiwa. Siku ya nne jua likawaka kweli, nami kwa ujinga wangu nikamtoa saa saba mchana, hata kona hatujafika anavuta pumzi kama msumeno, ulimi unaanza kubadilika rangi. Nikambeba mbio hadi kivulini, nikamlowesha maji, moja kwa moja kwa daktari wa mifugo.

Yule mama daktari ndo akanifungua macho. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema, sasa huyu watu wamemzalisha vizazi na vizazi wakichagua pua fupi, mfupa ukapungua lakini nyama za ndani zimebaki vilevile, matundu finyu, kaakaa laini refu linaziba koo, wengine mpaka wapasuliwe ndo wapumue vizuri. Yaani ule mkoromo tunaocheka ni mtu anatafuta hewa. Kumbe hata Uholanzi tangu 2019 wamebana, mbwa ambaye pua ni fupi kupita kiasi haruhusiwi kuzalishwa, lakini watu wanawafuata nchi za jirani wananunua hivohivo.

Na mimi nina plani ya kurudi huku miaka mitatu ijayo, kiwanja kipo. Huyo mbwa namletaje? Mashirika mengi ya ndege hayataki mbwa wa pua bapa kwenye sehemu ya mizigo, wanawafia njiani. Tuseme kafika Dar, bado kuna basi la kutwa nzima mpaka uvuke Rufiji na Lindi yote, halafu umshushe kwenye joto hili? Nyie.

Nikamuonyesha mama picha, kaikodolea weee, "Mwanangu, huyu kagonga ukuta?" Shangazi yeye wasiwasi wake mwingine, udenda, maana kwa sisi Waislamu mbwa wa kulala kitandani utaosha mara saba, moja kwa udongo, mpaka lini, na huo udongo ghorofa ya nne utautoa wapi. Hapo sikuwa na jibu hata la kutania.

Kwahiyo pagi sichukui. Nimemwambia binti nikirudi tutapita kwenye vituo vya mbwa waliokosa wenyewe, tutafute mkubwa mkubwa hivi, mtulivu, mwenye pua ya kueleweka, na tusubiri kwanza mama yake ahamie shifti ya asubuhi. Nikamtumia na picha ya mbwa wa mama, mwekundu, pua ndefu, kajinyoosha chini ya mwembe anahema taratibu saa nane mchana hana habari na mtu. Kanijibu stika ya pagi analia.