Mpira wa Goma si mpira wa pwani

Kijana wa Goma au Bukavu anayetaka ping-pong imlishe, aanze na habari ya hewa. Miji hii miwili iko kwenye mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Kipira chenyewe kina gramu 2.7 tu, kwa hiyo hakiwezi kuipuuza tofauti hiyo. Huku kwetu kinakwenda kasi, na ukikizungusha mbele kinachelewa kuinama baada ya kuvuka wavu. Mkono unazoea kulaza raketi zaidi ili kisitoke nje ya meza. Upeleke mkono huohuo Lagos au Dar es Salaam: hewa nzito inakivuta chini mapema, kinaishia wavuni.

Wengi hapo huilaumu raba, ule mpira bapa unaobandikwa kwenye raketi, wanabandika mpya usiku wa kuamkia mechi. Ni kosa kubwa, maana sasa vitu viwili vimebadilika pamoja na hujui urekebishe kipi. Fika angalau siku tatu kabla. Saa ya kwanza usicheze seti. Piga mipira ya kuzungusha tu, fungua raketi kidogo, na ulenge juu ya wavu kwa upana wa kipira kimoja zaidi. Kisha fanya mazoezi ya kuzuia, kwa kuwa kipira kitachelewa kukufikia na mkono wenye haraka utatangulia.

Lubumbashi, kwenye mita kama 1,200, tofauti inapungua. Taabu ya huko ni vumbi la kiangazi, na baridi ya asubuhi za Juni na Julai inayokaza sponji iliyo chini ya raba. Goma nako kuna vumbi jeusi la volkano. Raba yenye vumbi haishiki kipira. Ifute kila baada ya mazoezi kwa sponji laini na maji safi kidogo, kutoka mpini kwenda ncha, iache ikauke, uifunike kwa nailoni bila kubakiza hewa chini yake. Sabuni ya unga na petroli huiua. Kuipima, weka kipira juu yake, kikandamize kwa kiganja na ukisukume: kikiteleza badala ya kubingirika hata baada ya kufutwa, raba imekwisha.

Usibandike kwa gundi ya fundi viatu, hata kama ndiyo iliyo karibu. Gundi zenye kemikali za kuvukiza zilipigwa marufuku mwaka 2008, na kwenye mashindano makubwa raketi hupimwa. Tumia gundi ya maji, tabaka jembamba, kwa kuwa raba, sponji na gundi kwa pamoja havitakiwi kuzidi milimita 4.

Kuanzisha mpira ndilo zoezi lisilohitaji mwenzako wala ukumbi mzuri, nami nasikitika kuona linaachwa mwisho. Kiganja kiwe wazi, kipira kirushwe wima, kipae juu sentimita 16 au zaidi. Wavu una sentimita 15.25, basi usimamishe kando yako wakati wa mazoezi: kipira kisichopanda kuliko urefu wake mwamuzi atakikataa. Vijana wengi wanakipiga moja kwa moja kutoka mkononi, na mtaani hakuna anayewakataza, mpaka siku wanapopoteza pointi mbele ya mwamuzi wa kweli.

Kuhusu pesa, wachezaji wengi wa kulipwa huishi kwa mkataba wa klabu. Zawadi za mashindano ya WTT (World Table Tennis), mfululizo wa mashindano ya kulipwa ya dunia, zinawatosha wachache. Quadri Aruna wa Nigeria, aliyemtoa Timo Boll na kufika robo fainali ya Olimpiki ya Rio 2016, alichezea klabu za Ureno na Ujerumani. Klabu hutazama nafasi yako duniani, na nafasi hiyo hujumlisha matokeo yako 8 bora ya miezi 12. Pointi zilizopita miezi hiyo zinafutika. Mwenye bajeti ya safari nne achague mashindano ya Afrika na yale ya ngazi ya chini ya WTT, ambako anaweza kushinda raundi mbili tatu, kuliko kumalizia tiketi na viza kwenye shindano moja kubwa analotolewa raundi ya kwanza.