Nyayo za Majivu

Nilipokuwa kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari huko Ujiji, mkoani Kigoma, nilicheza mpira wa wavu katika nafasi ya nne, yaani mbele upande wa kushoto, na niliruka juu kuliko wenzangu wengi. Hata hivyo, kila mara mabeki wetu walipookoa mpira na seta, yule anayewainulia wapigaji mpira, akaniinulia, ulinikuta nimesimama chini ya wavu, shingo nimeipinda, nikausukuma kwa vidole badala ya kuupiga.

Wiki chache kabla ya mashindano ya UMISSETA ya wilaya, yaani michezo ya shule za sekondari, mwalimu wetu wa michezo aliufungia mpira ofisini, akaja kiwanjani na ndoo ya majivu kutoka jikoni. Kwanza aliuchora upya mstari ulio mita 3 kutoka wavuni, kisha akainama na kuchora nyayo, moja baada ya nyingine, kutoka wavuni hadi nje ya mstari huo na kurudi tena.

"Mwanangu," aliniambia, "ukishatua kutoka kuzuia mpira wavuni, unarudi kinyumenyume kama mtu anayeagana na wageni. Mpira haukungoji."

Alitaka nikitua tu nigeuze nyonga kuelekea ndani ya kiwanja, mpira ulikokwenda, kisha nikimbie hatua tatu hadi nje ya mstari, macho yangu yakiutazama mpira juu ya bega. Huko nje ndiko mpigaji anakopata nafasi ya kukusanya kasi. Kurudi wavuni kulikuwa na mdundo wake: kushoto polepole, halafu kulia na kushoto kwa haraka, karibu kama pigo moja. Hatua ile ya kulia ndiyo ndefu, nayo hutua kwa kisigino huku mikono yote miwili ikiwa imetupwa nyuma. Mguu wa kushoto unakuja kuifunga, ukitangulia kidogo, ili mbio zigeuke kuwa mruko na mwili usiuvamie wavu. Makocha wengi huanza na mkono unaopiga, na mimi naamini wanakosea, kwa sababu mkono hauwezi kurekebisha kilichoharibiwa na miguu.

Tuliruka wavuni tukiwa mikono mitupu, tukatua, tukageuka, tukakimbia, tukarudi. Kushoto, kulia-kushoto. Vumbi jekundu lilitupanda hadi magotini, majivu yakatawanyika, naye akayachora tena bila kulalamika. Raundi za mwanzo nilizihesabu, baadaye nikaacha, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuusikia mdundo ule miguuni bila kuutamka.

Jua lilipokaribia milima ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, alimtuma mwenzetu mmoja kuuleta mpira. Niliruka kuzuia, nikatua, nikageuza nyonga. Seta aliponiinulia nilikuwa tayari nje ya mstari, na kwa mara ya kwanza niliuona mpira wote mbele yangu, juu, nami ninaufuata. Niliupiga ukatua karibu na mstari wa nyuma, na wenzangu wakashangilia.

Mwalimu hakuutazama mpira ulipoangukia. Alichuchumaa kwenye vumbi nilikopita, akapima kwa shubiri kutoka wayo hadi wayo.

"Hatua yako ya kwanza ya kurudi bado ni fupi," alisema.

Tukarudia mpaka adhana ya Magharibi.