Sabuni tuitumie kabla ya kula, sio baada tu

Kaa kwa mama ntilie yeyote hapa Dar saa saba mchana uangalie watu wanavyonawa. Mtu anafika, anaagiza ugali samaki, anaenda kwenye ndoo yenye koki au analetewa jagi na beseni, anamwagiwa maji, anasugua vidole kidogo, anakung'uta, anakaa kula. Sabuni ipo pale pembeni kwenye kisahani na wala hajaigusa. Sasa subiri amalize. Mkono una mafuta ya samaki na harufu, hapo ndo utasikia "mama sabuni iko wapi?", anasugua, ananusa, anarudia tena mpaka aridhike. Yaani sabuni tunaitumia ili harufu isibaki kwenye simu na kwenye shati, lakini kile kilichoenda tumboni kimepita kwenye mkono uliopata maji matupu.

Hili jambo linaniuma kweli, na linaniuma zaidi kwa sababu sisi sio watu wasiojua kunawa. Kwetu hakuna mtu anagusa sinia bila maji kupita mkononi, mtoto akijaribu anafukuzwa na bibi yake palepale, na ukienda nyumba za pwani mgeni anakujiwa na birika na beseni mpaka alipokaa, mdogo anamimina mkubwa ananawa, hiyo ni heshima na ni adabu ya mezani tangu zamani. Na ni utaratibu mzuri kiafya kwa sababu maji yanamiminwa, kila mtu anapata maji yake yanayotiririka na uchafu unabaki chini kwenye beseni. Tofauti na pale mnapowekewa bakuli moja la maji katikati, wa kwanza anachovya, wa pili anachovya, wa mwisho anachovya kwenye uchafu wa wote waliomtangulia. Kwahiyo wazee wetu walishatufanyia kazi kubwa, kilichobaki ni sabuni kusogea mbele tu, ikae kabla ya chakula.

Maana fikiria ule mkono umetoka wapi. Umeshika lile bomba la juu kwenye daladala ambalo limeshikwa na abiria wote tangu alfajiri, umepokea chenji kwa konda, ile noti ya elfu moja iliyolegea ambayo jana ilikua kwa muuza samaki Feri na juzi kwenye soksi ya mtu, umefungua mlango wa choo cha stendi, umesalimia watu, maana sisi salamu yetu ni ya kushikana mikono na inakaa muda, mnaongea mkono haujaachiwa. Mimi sipingi salamu kabisa. Nachosema ni kwamba baada ya mizunguko yote hiyo tunakuja kula chakula ambacho kinafinyangwa kwa vidole. Tonge la ugali unalibonyeza kwa gumba, unalikandamiza na ncha za vidole, na gumba na kucha ndo sehemu ambazo watu wakinawa wanaziruka!! Wanasugua kiganja kwa kiganja basi. Ukinawa sugua viganja, nyuma ya mkono, katikati ya vidole, gumba zungushia, kucha zikwangue kwenye kiganja, sekunde 20 angalau. Ukihesabu taratibu utaona sekunde 20 ni ndefu kuliko tunavyonawaga.

Kuna watu wataniuliza maji peke yake yana shida gani, si yanatoa uchafu. Yanatoa vumbi na matope ndio, ila ngozi ya mkono ina mafuta yake na vijidudu vinang'ang'ania humo, na maji na mafuta hayaelewani. Sabuni inafanya kazi kwa sababu kila chembe yake ina upande unaoshikana na maji na upande unaoshikana na mafuta, kwahiyo inayang'oa yale mafuta pamoja na vilivyomo halafu maji yanavibeba. Tena virusi kama vile vya corona vina gamba la mafuta, sabuni inalivunja kabisa hilo gamba. Na haihitaji sabuni maalum ya kuua bakteria ya bei mbaya, kipande cha sabuni ya mche ile ya kufulia kinatosha kabisa. Tafiti nyingi zikiwekwa pamoja zinaonyesha kuhimiza watu kunawa kwa sabuni kunapunguza kuhara kwa karibu asilimia 30, na kuhara kwa mtoto mdogo sio kitu cha kupuuzia.

Wa Dar mnakumbuka kipindupindu cha 2015. Kilianza mwezi wa nane, Kinondoni, tukadhani ni ya wiki chache kama zile za kila mvua ikinyesha, kikaenda mikoani, kikavuka mwaka, na kufikia mwezi wa nne 2016 nchi ilishapata wagonjwa zaidi ya 20,000 na watu zaidi ya 300 wamefariki. Kipindupindu kinatoka kwenye kinyesi cha mgonjwa kinaingia mdomoni kwa mwingine, njia zake ni maji, chakula na mikono. Sio hewa, sio laana. Maji ya bomba na vyoo ni mzigo wa serikali na manispaa na lazima tuwadai, hilo halina mjadala, lakini mkono ni njia ambayo unaweza kuifunga leo hii hii na kipande cha sabuni.

Halafu ikaja corona 2020. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa mwezi wa tatu, na ndani ya muda mfupi kila mlango ulikua na ndoo, duka la dawa, benki, kanisani, msikitini, hadi kwa wauza mitumba. Mafundi wa kuchomelea vyuma walitengeneza zile stendi za kukanyaga kwa mguu, huku maji huku sabuni, mkono hugusi koki. Aisee kile kitu kilikua kizuri sana, maana koki ya kawaida unaifungua na mkono mchafu halafu unaifunga na mkono uleule uliotoka kunawa. Sasa hivi pita uziangalie zile ndoo. Nyingi zimekauka, nyingine zimepandwa maua, nyingine koki imevunjika ikabanwa na mfuko, stendi za mguu zimeota kutu nyuma ya jengo. Na mimi siamini kwamba watu walichoka kunawa. Ndoo zilikosa mwenyewe. Siku za mwanzo kila mtu alijaza kwa hofu, hofu ilipoisha hakuna aliyepewa kazi ya kujaza maji asubuhi, hakuna aliyepewa hela ya sabuni, basi. Sehemu chache ambazo ndoo bado inafanya kazi utakuta kuna mtu mmoja ambaye hiyo ni kazi yake, mlinzi au dada wa usafi, na ikikutwa tupu anaulizwa yeye.

Kisingizio kikubwa ninachosikia ni kwamba sabuni inaibiwa. Ni kweli inaibiwa, au inadondoka kwenye mchanga watu wanaiogopa. Lakini dawa yake ipo na wala sio ghali. Chukua kipande cha mche utie kwenye wavu wa vitunguu au soksi safi, funga kwa kamba pembeni ya koki, mtu anasugua humohumo. Au chukua chupa tupu ya maji, weka maji na sabuni ya unga kidogo, tikisa, toboa kifuniko, hapo mtu anaminya tu, paketi ndogo ya unga inakwenda siku nyingi na hakuna mtu ataiba maji ya sabuni. Vijijini na mashuleni kuna kibuyu chirizi, dumu la lita tano limetundikwa kwenye mti, kamba inashuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga, ukikanyaga dumu linainama maji yanachuruzika kidogo kidogo na sabuni inaning'inia pembeni. Shule yenye watoto mia kadhaa isiyo na bomba inaweza kutengeneza vyake kadhaa jumamosi moja, ila lazima kuwe na zamu ya kujaza, narudia tena lazima kuwe na zamu.

Vyoo vya kulipia ndo vinanikera zaidi. Unalipa hela yako mlangoni, ndani pamepigwa deki vizuri, unatoka unaikuta sinki na bomba linatoka maji, sabuni hakuna. Hapo ndo mahali sabuni inahitajika kuliko popote mjini! Mimi siku hizi naulizia kabla sijatoa hela, "dada sabuni ipo?", kwa upole tu, na mara nyingi ipo, imefichwa chini ya meza ya anayekusanya hela. Tukiulizia wengi itapanda juu ya sinki.

Sanitaiza sawa, beba kwenye pochi, yenye alkoholi asilimia 60 na kuendelea, inasaidia ukiwa kwenye basi. Ila mkono wenye matope au mafuta ya chipsi sanitaiza haufanyi kitu cha maana, hapo tafuta maji. Na lile taulo moja la mgahawa linalofuta mikono ya wateja wote kuanzia chai mpaka usiku, liache, kung'uta mikono ikaukie hewani.

Sasa ombi langu ni kwa wanaokaa kwenye kamati za harusi na misiba, maana huko ndo tunakula wengi kwa pamoja na sinia moja wanakaa watu sita. Vijana wa kunawisha wanapita na jagi na beseni kabla ya chakula, sabuni hawana, sabuni inakuja baada ya pilau. Kwenye shughuli moja ya familia yetu tulimpa kila kijana anayeshika jagi mwenzake wa kushika chupa ya maji ya sabuni, mmoja anaminya mwingine anamimina. Foleni ilienda polepole kidogo, baba mdogo mmoja akalalamika kwamba pilau linapoa, tukaongeza jozi nyingine mbili za vijana na mambo yakaenda. Kwahiyo mkiandika bajeti, pale kwenye mstari wa soda na maji ongezeni mche wa sabuni au paketi za sabuni ya unga, na mpange kabisa majina ya watakaozunguka nazo kabla sinia hazijatoka jikoni.